Sikio Nalo Hupiga Kelele

Meli yoyote inayoingia Bandari ya Kilindini lazima ipite kati ya Likoni na kisiwa cha Mombasa. Ndiyo maana watu wa Timbwani hawashtuki wakiona jumba zima la chuma likiteleza majini. Lakini mwaka 1942 walikuwepo watu hapa Mombasa waliokuwa wakizifuata meli zilizo mbali mno, meli ambazo hakuna jicho lingeziona. Wao walizifuata kwa masikio.

Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, Sri Lanka ya leo. Waingereza walikuwa na kituo cha siri huko, kazi yake kunasa mawasiliano ya redio ya jeshi la majini la Japani na kuyafumbua. Baada ya shambulio lile, kituo kikahamishiwa Mombasa pamoja na meli za kivita. Kikawekwa wapi? Ndani ya shule: Allidina Visram, pale kisiwani. Wenyewe wakaibatiza HMS Alidina, kana kwamba ni manowari.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Japani ni mbali, na mawimbi yake yalifika Mombasa yakiwa hoi. Yaliyosikika vizuri ni yale yenye nguvu tu. Hata hivyo, mwaka huohuo timu ya Kilindini iliifumbua JN-40, lugha ya siri ya meli za mizigo za Japani. Mlango uliwafungukia kwa sababu Mjapani mmoja alirudia habari ileile mara mbili. Kosa dogo la mtu mmoja, na siri ya meli chungu nzima ikawa nje.

Usidhani huu ulikuwa mchezo wa wazungu na mafumbo yao. Nyambizi za Japani zilikuwa zikizamisha meli katika Mlango wa Msumbiji mwaka huohuo wa 1942. Na Februari 1944, wakati timu ile imeshaondoka Mombasa, meli Khedive Ismail ilitoka Kilindini imebeba askari, wengi wao vijana wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi I-27 iliipiga karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu, na karibu watu 1,300 wakafa. Kusikia au kutosikia bahari ile lilikuwa suala la uhai.

Sasa hapa ndipo fizikia inapoingia, na inaingia kwa mlango wa nyuma.

Redio nyingi za kusikilizia za enzi hizo zilifuata ubunifu wa Mmarekani Edwin Armstrong wa mwaka 1918. Ndani ya redio kuna kidude kinaitwa osileta. Kinatengeneza wimbi lake chenyewe. Wimbi la stesheni likichanganywa na la osileta, linazaliwa wimbi la tatu, na masafa yake ni tofauti kati ya yale mawili. Redio hupanga tofauti hiyo iwe ileile kila mara, manake ni rahisi kukuza wimbi moja usilolihamisha kuliko kukimbizana na kila stesheni. Kwenye FM tofauti hiyo kwa kawaida ni megahezi 10.7. Ukitafuta stesheni ya 90.0, osileta yako inacheza kwenye 100.7.

Mambo yangeishia hapo, yangekuwa matamu. Lakini wimbi la osileta halikubali kukaa ndani. Linavuja kupitia waya na antena. Yaani redio inayosikiliza, nayo inatangaza! Chukua redio mbili za kizamani, moja uiweke 100.7, nyingine uisogeze karibu, kisha uizungushe polepole kuelekea 90.0. Ukibahatika, ile ya kwanza itanyamaza ghafla au italia ovyo. Hakuna stesheni iliyoingilia. Ni jirani yake, anayesikiliza tu.

Na yakikutana masafa mawili yaliyokaribiana, tofauti yao ikiwa ndogo vya kutosha kwa sikio la mtu, unasikia filimbi. Waliokuwa na redio za mawimbi ya kati wanaijua: usiku, stesheni mbili za mbali zinagombana, na kati yao kuna mlio mwembamba ambao hakuna aliyeupiga. Chumba chenye redio kumi za kunasia adui kina osileta kumi. Ukitaka kusikia sauti hafifu kutoka Pasifiki, lazima kwanza upange hizo kumi zisigombane: uzifunike kwa chuma, uzuie uvujaji kwenye antena, uchague masafa kwa hesabu.

Wajerumani walionja uchungu wa jambo hili. Nyambizi zao zilikuwa na kifaa kiitwacho Metox, cha kunusa rada za ndege za adui. Mwaka 1943 mateka mmoja Mwingereza aliwaambia kwamba ndege zinaifuata Metox yenyewe, kwa mawimbi inayovujisha. Wakapima, wakakuta kweli inavuja. Agosti wakaamriwa kuizima. Kumbe walikuwa wamedanganywa: ndege zilitumia rada mpya ya sentimita 10, ambayo Metox haikuweza kuinusa, na siri zao nyingine zilikuwa zikifumbuliwa. Uongo ule ulishika kwa sababu ulikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Sikio kweli lilikuwa likipiga kelele.

Ruka miaka 70. Marekani kuna mitambo miwili ya LIGO, mmoja Hanford na mwingine Livingston. Ni interferomita: mwali wa leza unagawanywa mara mbili, unasafiri kwenye mikono miwili ya kilomita 4, kisha unakutanishwa tena ili kuona kama mkono mmoja umerefuka kidogo kuliko mwingine. Huo "kidogo" ni mdogo kuliko protoni kwa mara elfu. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo hiyo ilinasa kwa mara ya kwanza mtikisiko wa mashimo meusi mawili yaliyogongana.

Na unajua nini kilikuwa kikiwasumbua wanasayansi kipindi hicho? Filimbi. Wenyewe waliziita hivyohivyo. Kuidhibiti leza kunahitaji osileta kadhaa za redio, na baadhi yake masafa yake hupanda na kushuka yanapoufuata mtambo. Yakikaribia masafa ya osileta nyingine, tofauti inashuka mpaka ndani ya eneo lilelile ambamo data inasikilizwa. Ukiigeuza data kuwa sauti, unasikia fyuuu, inashuka na kupanda. Sauti hiyo haikutoka kwenye nyota yoyote; ni vyombo vya nyumba moja vinagongana. Dawa yake ni ileile ya zamani: kutafuta nani anagombana na nani, kisha kuwasogeza masafa yao mpaka tofauti itoke nje ya sikio.

Mtu anayesikiliza hupenda kujiona hana hatia. Kelele ni za wengine. Historia ya redio inakataa. Ukitaka kusikia kitu hafifu, iwe nyambizi au shimo jeusi, anza kwa kujua wewe mwenyewe unalia kwenye masafa gani.