Kimya cha Samehe, Sauti ya Red

Amandina Lihamba, mwandishi wa tamthilia, mwigizaji na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwafanya watu waseme. Uhusika wake unaojulikana zaidi katika filamu, hata hivyo, ni wa mwanamke asiyesema. Katika *Maangamizi: The Ancient One* (2001), iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, yeye ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili nchini Tanzania ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Daktari Asira, Mmarekani Mweusi anayeigizwa na Barbara O, anafika kumhudumia. Hii ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar.

Kimya hicho nimekiweka kando ya kimya kingine, cha Lupita Nyong'o, kwa sababu naamini waigizaji hawa wawili wanafaa kutazamwa pamoja, na ni nadra kutazamwa hivyo.

Lihamba alikulia katika sanaa yenye kelele, kwa maana nzuri kabisa ya neno hilo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, jukwaa la Tanzania lilitakiwa liseme na umma: ngonjera zilighanwa shuleni na kwenye mikutano, na tamthilia zikabeba ngoma, nyimbo na majibizano. *Harakati za Ukombozi* (1982), aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, ni kazi ya aina hiyo. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa themanini alikuwa Malya, mkoani Mwanza, ambako wasanii wa chuo kikuu walikaa na wanakijiji, wakadodosa matatizo yao, wakayageuza maigizo, kisha onyesho likafuatwa na mjadala. Kule hadhira haikuwa ya kukaa tu na kupiga makofi. Ilijibu, ilibisha, ikaamua.

Sasa mchukue msanii wa namna hiyo umnyang'anye sauti, ngoma na hadhira kwa mpigo mmoja. Anabaki na uso, shingo, mikono na pumzi. Aliyezoea kumfikia mtu wa safu ya mwisho anatakiwa aiache kamera ije kwake. Lihamba anaiacha. Samehe haombi huruma, wala haonyeshi kwamba anaficha jambo. Anakuwa kama mtu aliye katikati ya mazungumzo ambayo sisi hatuyasikii, na kweli ndivyo ilivyo, maana kuna Maangamizi, bibi wa kale, anayemlinda na kumjia bila wengine kumwona. Kwa hiyo kimya chake kina watu ndani yake. Asira hawezi kukitibu akiwa amesimama nje. Inambidi naye aingie, aguswe na ukoo wake mwenyewe uliopotelea ng'ambo ya bahari.

Nyong'o anatoka kwingine. Akiwa na miaka 14 alimwigiza Juliet jijini Nairobi na kikundi cha Phoenix, na mwaka 2012 akahitimu uigizaji Yale, ambako mwanafunzi hufunzwa kumjenga mhusika mmojammoja kutoka ndani. Katika *Us* (2019) ya Jordan Peele anawaigiza wanawake wawili wenye sura moja, Adelaide na Red. Kuna onyesho la sebuleni ambalo kila nikilitazama linanirudisha kwenye fasihi simulizi. Familia imeketishwa kwenye kochi, na Red, kwa sauti inayokwaruza kama inayovutwa kwa ndani, anaanza kutamba hadithi ya msichana na kivuli chake. Ni mwanzo wa ngano kabisa. Lakini hakuna anayeitikia. Fanani wa kwetu hupewa ruhusa na hadhira kabla hajaanza kusimulia, na mwitikio humbeba hadi mwisho. Red amepata watu wa kumsikiliza kwa kuwatisha, na hadithi yake inakwama hewani. Kitisho chote cha onyesho lile, kwangu mimi, kiko hapo.

Sauti ile ilizua malalamiko. Nyong'o alieleza kwamba aliijenga akizingatia ugonjwa halisi unaokaza mishipa ya sauti, na watetezi wa watu wenye ulemavu wakapinga hali yao kufanywa kitisho. Akaomba radhi. Sidhani alikusudia ubaya. Alifanya kile ambacho mafunzo yake yanakisifu, yaani kutafuta mwilini chanzo cha kweli cha mhusika. Ila linganisha na Tuseme, mradi ambao Lihamba na Penina Muhando yuleyule, ajulikanaye pia kama Mlama, waliuanzisha miaka ya tisini katika shule za sekondari. Humo msichana anayesumbuliwa ndiye anayechunguza tatizo lake, ndiye anayelitungia igizo na ndiye anayeliigiza. Maumivu hayapelekwi kwa fundi ayafanyie kazi. Ni tofauti ya mapokeo hasa, na katika hili nasimama upande wa Tuseme bila kusita.

Hata hivyo Nyong'o amezidi kukiendea kimya, na amekiendea vizuri. Katika *A Quiet Place: Day One* (2024) anamwigiza Samira, mgonjwa wa saratani jijini New York, katika ulimwengu ambamo mlio wowote huleta mauti. Mwishoni anachomoa waya wa vipokea sauti vyake, muziki unasikika barabarani, naye anajua kinachokuja. Uso wake unafanya kazi kubwa mno kwa sekunde zile: furaha, ukaidi na kuaga, vyote bila neno. Lakini uamuzi ni wake peke yake, na anayefuata ni kifo.

Samehe kinywa chake kinapofunguka, kuna daktari aliyekuwa akimngoja, na huyo naye anapona kitu. Uigizaji wa namna hiyo ni mgumu zaidi, kwa sababu kila pumzi inapaswa kumwachia mwenzako nafasi. Nadhani Lihamba aliweza kwa sababu ya Malya: alishazoea kunyamaza onyesho likiisha, ili mwanakijiji aseme.