Mjonso wa Watongwe na Kipimo cha Mfanano

Wahenga walisema kwamba ndege wafananao huruka pamoja. Katika neno hilo fupi mna mambo mawili. La kwanza ni kuona kwamba vitu viwili vyafanana katika sifa zionekanazo. La pili ni kukata shauri kwamba, kwa kuwa ni hivyo, huenda vyafanana pia katika sifa zilizofichika. Karne ya ishirini ililichukua wazo hilo ikaligeuza kuwa hesabu, na hesabu hiyo leo hupima molekuli za dawa katika maabara na majina ya waandishi katika maktaba. Manufaa yake na upungufu wake hudhihirika katika historia ya mmea mmoja mchungu wa nchi ya Watongwe.

Nchi hiyo huanzia ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma, ikapanda milima ya Mahale, kisha ikaenea katika misitu ya miombo iliyokuwa ya Wilaya ya Mpanda, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Wenyeji wake wana elimu kubwa ya miti. Mwaka 1965 mtaalamu wa Kijapani, Toshisada Nishida, alianza uchunguzi wa sokwe huko Mahale kwa msaada wa Watongwe, na mwaka 1981 yeye na Shigeo Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Milima hiyo, iliyo upande wa Kigoma, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985.

Katika Novemba 1987 Michael Huffman, mtafiti kutoka Kyoto, alikuwa pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe, mfanyakazi wa hifadhi na mganga wa miti shamba. Walimwona sokwe jike aliyelegea kwa ugonjwa. Sokwe huyo alivunja tawi changa la mti ambao Watongwe huuita mjonso, na wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina; akayatupa majani, akalimenya gome, akatafuna moyo wa tawi na kufyonza maji yake machungu. Siku ya pili nguvu zilimrudia. Kalunde ndiye aliyeeleza kwamba mjonso ni dawa kali, itumiwayo na watu wake kwa homa na maradhi ya tumbo. Muda wa kupona kwa sokwe ulikaribiana na ule wa mtu aliyetibiwa kwa dawa hiyo. Mfanano wa kwanza katika habari hii, basi, ulionwa na mganga, kabla ya maabara na kabla ya hesabu.

Wala haikuwa ajabu kwa jamaa yake kujifunza dawa kwa mnyama. Yasimuliwa kwamba babu yake, Babu Kalunde, alimwona nungu mgonjwa akila mizizi ya mulengelele, mmea ambao watu waliuogopa kuwa ni sumu. Akaitumia mizizi hiyo wakati wa maradhi ya kuhara, ikawaponya wengi.

Baadaye wakemia wa Kyoto, akina Koichi Koshimizu na Hajime Ohigashi, waliuchambua mjonso. Katika majani na magome walikuta kwa wingi vernodalini, ambayo ni sumu. Katika moyo wa tawi iliyopatikana zaidi ni vernoniosidi B1. Yaani sokwe alikuwa ametupa sehemu yenye hatari na kutumia ile yenye salama. Wakemia walitambua pia vernoniosidi kadhaa ambazo viunzi vyake vyakaribiana sana, ilhali baadhi ni chungu na nyingine hazina uchungu. Yafaa jambo hilo likumbukwe, kwa maana ndipo swali la kipimo linapoingia: vitu hivyo vyafanana kiasi gani, na kwa sifa zipi?

Njia ya kulijibu swali hilo ilitokana na mimea yenyewe. Mwaka 1901 Paul Jaccard, mtaalamu wa Uswisi, alitaka kulinganisha mimea ya sehemu mbalimbali za milima ya Alps. Aliihesabu mimea iliyopatikana katika sehemu zote mbili, akaigawanya kwa jumla ya mimea yote iliyopatikana humo. Mathalani, ikiwa mganga wa Mwese ana miti ya dawa 40, na mganga wa Karema ana 50, na miti 30 ni ya wote wawili, basi jumla ya miti ni 60, na mfanano wao ni 30 kwa 60, yaani 0.5. Mwaka 1960 David Rogers na Taffee Tanimoto walieleza namna ya kuainisha mimea kwa kompyuta. Kipimo ambacho wakemia hukiita kwa jina la Tanimoto, kikitumiwa kwa sifa za ndiyo na siyo, hakina tofauti na cha Jaccard. Katika miaka ya 1980 Peter Willett na wenzake wa Sheffield walikieneza katika kutafuta molekuli. Kila molekuli huandikwa kama safu ya moja na sifuri: moja penye kiungo fulani, sifuri pasipo nacho. Molekuli zilizokaribiana kwa kipimo hutazamiwa kutenda kazi moja. Mara nyingi huwa hivyo, lakini si daima, kama uchungu wa vernoniosidi unavyoshuhudia.

Wachunguzi wa vitabu nao walifika njia hiyohiyo. Mwaka 1973 Henry Small huko Marekani na Irina Marshakova huko Urusi ya Kisovieti, kila mmoja peke yake, walipendekeza kwamba maandishi mawili yanayotajwa pamoja na waandishi wa baadaye yana undugu. Mwaka 1981 Howard White na Belver Griffith waliutumia mpango huo kwa waandishi wenyewe, wakipima kwa hesabu ya Pearson. Mwaka 2003 Per Ahlgren, Bo Jarneving na Ronald Rousseau walionyesha kasoro yake: wakiongezwa katika orodha watu wasio na uhusiano wowote na waandishi wawili wanaopimwa, kipimo hubadilika. Ni kama kuongeza miti mia ambayo mganga wa Mwese haitumii wala wa Karema haitumii, kisha kusema kwamba sasa wamezidi kufanana. Kipimo cha Jaccard hakitikiswi na nyongeza hiyo.

Lakini hata kipimo kilicho bora husoma yaliyoandikwa katika orodha, wala hakijui yaliyoachwa. Fahirisi kubwa ya marejeo ya sayansi, iliyoasisiwa na Eugene Garfield katika miaka ya 1960, iliyaorodhesha maandishi yaliyotajwa chini ya jina la mwandishi wa kwanza tu. Makala juu ya sokwe yule ilitoka mwaka 1989 kwa majina ya Huffman na Seifu. Mwaka 1993 ikatoka nyingine, juu ya sokwe wa pili aliyetumia mjonso, ambaye mayai ya minyoo katika kinyesi chake yalishuka kutoka 130 hadi 15 kwa gramu katika saa 20. Humo mganga ni wa mwisho kati ya waandishi watano, naye ameandikwa Kalunde. Kwa orodha ya waandishi wa kwanza, yeye ni sifuri mara mbili. Kwa orodha ya waandishi wote isomayo herufi tu, Seifu na Kalunde ni watu wawili, na kila mmoja ana nusu ya kazi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hesabu haikukosea hata tarakimu moja. Aliyekosekana ni mtu katika daftari. Sifuri ya kemia hutokana na kiungo ambacho hakimo katika molekuli, bali sifuri ya fahirisi yaweza kutokana na desturi ya karani. Mwanafunzi atakayekusanya majina ya miti huko Katavi hana budi kuandika, kando ya kila mti, jina kamili la aliyemfundisha, na kulihifadhi kwa tahajia ileile tangu daftari la msituni hadi makala iliyopigwa chapa.