Macho ya Wavu: Habari za Sheria ya Inchi 5 katika Ziwa Victoria

Mvuvi achaguapo zana yake huchagua pia samaki. Ndoana humwita mla nyama. Mgono humnasa apitaye njia ileile kila mwaka. Wavu humshika yule ambaye kichwa chake hupenya katika jicho na mwili wake hukwama. Kwa sababu hiyo, zana ifaayo katika ziwa la maji matamu haipatikani kwa ufundi peke yake. Aichaguaye huamua nani avuliwe leo, na nani aachwe ili azae. Habari za Ziwa Victoria katika karne ya 20 zaonyesha jambo hilo waziwazi, maana huko serikali tatu zilijaribu kumlinda samaki mmoja kwa kipimo kimoja cha wavu, na kipimo hicho kilidumu kiasi cha miaka 30 tu.

Kabla ya nyavu za kigeni kufika, watu wa kandokando ya ziwa, Wajaluo, Wasukuma, Wakerewe, Wahaya, Waganda na wengineo, walikuwa na zana nyingi, na kila moja ilikuwa na samaki wake na majira yake. Mito ilipofurika, ningu walipanda kutoka ziwani kwenda kuzaa, na watu waliwangoja kwa nyuzio za matete zilizotiwa migono. Kambare na kamongo walitafutwa katika mabwawa na vinamasi kwa mikuki na vikapu. Mbofu, ambaye hula samaki wenziwe, alivuliwa kwa ndoana na chambo. Penye maji haba ya ufukweni, watu wengi kwa pamoja walikokota jamvi refu la mafunjo, wakawasukuma samaki nchi kavu. Zana hizo zilioza upesi, zilihitaji mikono mingi, nazo hazikuweza kufika mbali na pwani. Nyuzio za mitoni zilikuwa na wenyewe, wala mgeni hakuweza kujichimbia miti yake mahali apendapo. Yumkini hakuna aliyeyatunga mambo hayo kwa nia ya kuhifadhi samaki. Lakini udhaifu wa zana na haki za wenyeji viliwaachia samaki nafasi ya kupumua.

Samaki aliyependwa kuliko wote alikuwa ngege. Huyu hula vimelea vya kijani vidogo mno vielevyo majini, kwa hiyo chambo cha ndoana hakimshawishi. Jike lake hutunza mayai na watoto ndani ya kinywa, na mayai yake ni machache yakilinganishwa na ya samaki wamwagao mayai yao majini na kuyaacha. Ni samaki wa kuzaa kidogo na kulea sana. Basi ngege alikuwa na kinga mbili: hakukubali ndoana, na aghalabu alikaa mbali kuliko mahali zana za kienyeji zilipofika. Lakini hakuwa na kinga ya tatu. Mara ipatikanapo zana ya kumfuata alipo, uzazi wake mchache usingeweza kurudisha upesi waliopotea.

Zana hiyo ilifika mwaka 1905. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na soko la samaki lilikuwa limefunguka katika miji na kambi za kazi. Nyavu za kitani za kutega, ambazo husimama majini kama ukuta usioonekana, zilianza kutumiwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo sasa huitwa Winam. Miaka ya mwanzo ngege walionaswa katika wavu mmoja kwa usiku mmoja walihesabiwa kwa makumi. Ilipofika mwaka 1928 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka katika ghuba hata kufikia samaki kiasi cha 7 au pungufu. Nyavu zilizidi, wavuvi walizidi, na kila wavu ulipata kidogo kuliko jana.

Upungufu huo ndio uliozishtua serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1927 aliitwa Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, akalizunguka ziwa akipima na kuhesabu hata mwaka 1928; taarifa yake ilichapishwa mwaka 1929. Graham hakushauri wavu upigwe marufuku. Alishauri macho ya wavu yasipungue inchi 5, yapimwapo wavu ukiwa umenyoshwa, kutoka fundo moja hadi fundo linalolielekea. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: katika jicho la ukubwa huo ngege mchanga hupita salama, na anaswaye ni yule aliyekwisha kupata nafasi ya kuzaa walau mara moja. Alishauri tena kwamba ziwa lote liwe chini ya mamlaka moja ya uvuvi, maana samaki hajui mipaka ya nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kipimo cha inchi 5 kilifanywa sheria. Lakini mamlaka ya pamoja ilichelewa hata mwaka 1947, ilipoundwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, na mwaka huohuo kituo cha utafiti kikaanzishwa Jinja.

Sheria hiyo ilikuwa na akili ndani yake, walakini ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba ilipimwa kwa mwili wa samaki mmoja katika ziwa lenye samaki wa namna nyingi. Wavu wa inchi 5 ulimfaa ngege. Lakini mbele ya ningu, ambaye ni mdogo, ulikuwa kama mlango uliofunguliwa. Furu walipita makundi kwa makundi. Mtu mwenye njaa aliwaona samaki wanaolika wakipenya wavu wake kwa amri ya serikali, na hakuelezwa ipasavyo kwa nini iwe hivyo.

Kasoro ya pili ilikuwa katika hesabu ya mvuvi mwenyewe. Ngege wakubwa walipopungua, mwenye nyavu za inchi 5 alirudi na mtumbwi mtupu, ilhali jirani yake aliyetumia kwa siri nyavu za inchi 4 alirudi na kitu. Aliyeshika sheria alipata hasara mara mbili: hakupata samaki leo, na yule mchanga aliyemwachilia alinaswa na mwingine kesho. Kumwita mvuvi huyo mjinga au mwenye tamaa ni kumdhulumu. Aliona sawasawa kwamba uaminifu wa mtu mmoja haulilindi ziwa. Kilichohitajika ni uaminifu wa wote pamoja, na hicho hakikupatikana, maana walinzi wa sheria walikuwa wachache na ufuko ni mrefu mno.

Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni ziliingia. Kitani kilitaka kuanikwa kila siku, na hata hivyo kilioza; nailoni haiozi, nyuzi zake ni nyembamba, na samaki haioni upesi. Nguvu ya kila mvuvi iliongezeka pasipo kuongeza hata wavu mmoja. Wakati huohuo watawala walikuwa wamechoka na sheria isiyotiiwa, na wengine walidai kwamba samaki wadogo wa ziwa walikuwa wakipotea bure. Uganda na Tanganyika ziliondoa kipimo cha inchi 5 mwaka 1956. Kenya ilifuata mwaka 1961. Idara ya pamoja ilikuwa imekwisha kuvunjwa mwaka 1960.

Nyavu za macho madogo zikatandazwa, na kwa muda mavuno yaliongezeka. Kisha zikategwa hata katika vinywa vya mito, mahali ningu walipopita kwenda kuzaa na mimba zao tumboni. Samaki ambaye zamani alingojwa kwa migono katika nyuzio zenye wenyewe, sasa alizibiwa njia na yeyote mwenye wavu. Katika miaka michache ningu wakapungua sana katika mito kama Nzoia. Jicho lililofanywa dogo ili kumpata yeye ndilo lililommaliza.

Haitakuwa haki kuutwika wavu lawama yote. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara na sato waliletwa ziwani kutoka maji mengine. Sato alishindana na ngege kwa makao na chakula. Sangara aliongezeka ajabu katika miaka ya 1980, akawala furu hata aina nyingi zikatoweka. Lakini wageni hao walimkuta ngege amekwisha kudhoofishwa na nyavu, na aliyedhoofika hahitaji adui mkubwa.

Tangu hapo zana za ziwa zimejipanga upya: nyavu za macho mapana na ndoana kwa sangara, na kwa dagaa nyavu za macho ya milimeta chache pamoja na taa za usiku. Mwaka 1994 nchi tatu zilitia sahihi mjini Kisumu mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, na hivyo shauri la Graham la mamlaka ya pamoja likarudi baada ya miaka 65. Hapana tena anayetafuta kipimo kimoja cha kuwafaa samaki wote. Ama swali la pili, la mvuvi mwaminifu apataye hasara kwa uaminifu wake, lingali palepale, na hakuna jicho la wavu liwezalo kulijibu.

Ngege hakufa kabisa. Yuko katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli, lililotengwa na ziwa kuu kwa kinamasi cha mafunjo cha Yala. Sheria ya inchi 5 ilitungwa kwa ajili yake na haikumwokoa. Mafunjo, ambayo hayakutungiwa sheria, yamemhifadhi kwa kuwa ni vigumu kuyapita. Zamani ziwa lote lilikuwa na vizuizi vya namna hiyo, katika umbali, katika uozo wa zana na katika haki za wenyeji. Vilipoondoka vyote, mzigo wao uliwekwa juu ya inchi 5 za uzi.