Jambo Moja kwa Maana Moja: Mapatano, Mkataba na Zabuni katika Historia ya Afrika ya Mashariki

Miongoni mwa maneno yaliyomo katika hati za serikali na za biashara, mkataba na zabuni ni mawili yatumikayo kila siku na kuchunguzwa kwa nadra. Shabaha ya makala haya ni kuyafuata maneno hayo katika historia. Historia hiyo yaonyesha jambo ambalo wanasheria na wanalugha aghalabu hulitazama kila mmoja kwa upande wake tu, nalo ni kwamba mapatano husimama juu ya maana. Kanuni za ununuzi wa umma nazo, zijapokuwa ndefu na zenye kuchosha, zina kazi hii kubwa: kulinda maana hiyo isiwe mali ya upande mmoja.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno mapatano latokana na kitenzi pata katika kauli ya kutendana: watu wamepatana, yaani kila mmoja amempata mwenzake. Neno mkataba latoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, mzizi ule ule uliotupa kitabu, katibu na maktaba. La kwanza latazama nia, la pili latazama karatasi. Tofauti hii si ndogo. Katika sheria itumikayo Tanzania Bara, mapatano ya mdomo yaweza kuwa mkataba kamili, isipokuwa pale ambapo sheria imetaka maandishi. Lakini mtu asikiapo neno mkataba huona mbele yake hati, saini na muhuri, na hudhani kwamba pasipo karatasi hapana wajibu. Vile vile hudhani, kwa kosa lililo kubwa zaidi, kwamba penye karatasi pana mapatano siku zote.

Watu wa pwani walikuwa na elimu ya mambo haya kabla ya kuja kwa serikali za Ulaya. Sheria ya Kiislamu, ambayo makadhi walihukumu kwayo, yataka ijabu na kabuli, yaani tamko la mmoja na kukubali kwa mwenzake. Na hata leo maneno hayo husikika katika kufunga ndoa. Kuhusu maandishi, Aya ya 282 ya Suratul-Bakara yaagiza kwamba deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu, na mashahidi wawepo. Katika agizo hilo mna kanuni moja ipasayo kuangaliwa sana. Mwenye kumsomea mwandishi maneno ya kuandika ni yule anayedaiwa, yaani yule atakayefungwa na hati. Naye akiwa dhaifu au hawezi, msimamizi wake na ayatamke kwa niaba yake kwa uadilifu. Hekima yake i wazi: anayefungwa na maneno ndiye apasaye kuyatamka, asije akafungwa na maneno asiyoyajua.

Tukiichukua kanuni hiyo kuwa kipimo, tunaweza kuipima hati mashuhuri ya Msovero, katika nchi ya Usagara. Tarehe 29 Novemba 1884, Carl Peters, kwa jina la Shirika la Ukoloni wa Kijerumani, alitia saini pale hati iitwayo ya urafiki wa milele, na Mangungu akatia alama yake. Kwa umbo lake hati ile ni mkataba hasa. Mmoja atajwa kuwa ametoa nchi yake yote pamoja na haki zake zote. Mwingine atajwa kuwa amekubali kuipokea. Mashahidi wapo, na yasemwa kwamba jambo lile ni halali kwa milele. Lakini hati iliandikwa kwa Kijerumani, na maneno yake yalimfikia Mangungu kwa kinywa cha mkalimani. Aliyefungwa na hati siye aliyeitamka. Ya kwamba alikubali urafiki na kupokea zawadi twaweza kusadiki; ya kwamba alikubali kuipa jumuiya ya watu wa Berlin ardhi ya watu wake wote na vizazi vyao, hilo halisadikiki. Juu ya hayo, hati za namna hii zilitosha. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya kufungwa kwa Mkutano wa Berlin, Kaisari wa Ujerumani aliipa jumuiya ya Peters waraka wa ulinzi juu ya nchi zile.

Mfano wa pili watoka Kenya, nao waonyesha upande mwingine wa tatizo. Katika mwaka 1904 Wamaasai waliingia katika mapatano na serikali ya Waingereza, wakaliacha Bonde la Ufa na kupewa sehemu mbili, moja ya Laikipia na nyingine ya kusini. Nao wakaahidiwa kwamba sehemu hizo zingekuwa zao muda wote ambao kabila lao lingekuwapo. Ahadi hiyo haikutimiza miaka kumi. Katika mwaka 1911 yaliandikwa mapatano mengine ya kuwatoa Laikipia. Baadhi yao, wakiongozwa na Ole Njogo, walikwenda mahakamani katika mwaka 1913, wakidai kwamba mapatano ya kwanza yalivunjwa na kwamba ya pili hayakuwafunga. Mahakama ilijibu kwamba hati zile hazikuwa mikataba ya kiraia hata kidogo. Zilikuwa mapatano ya dola na dola, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuyahukumu. Rufani yao nayo ilikataliwa. Basi hati ya Mangungu iliitwa halali ili ardhi itwaliwe, na hati ya Wamaasai ikanyimwa jina la mkataba ili ardhi isirudishwe. Kwa njia zote mbili, aliyekuwa na uwezo wa kuliamua neno ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuliamua jambo.

Na ajabu ni kwamba sheria iliyo kinyume cha hayo ilikuwa imekwisha andikwa. Katika mwaka 1872 Waingereza walitunga Sheria ya Mikataba ya India, na sheria hiyo ikaletwa Afrika ya Mashariki pamoja na sheria nyingine za India, ikatumika Zanzibar, Kenya na Uganda, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikatumika Tanganyika pia. Kifungu chake cha 13 chasema kwamba watu huhesabiwa kuwa wamekubaliana wanapoafikiana juu ya jambo moja kwa maana moja. Kifungu kinachofuata chaongeza kwamba ridhaa si huru ikiwa imepatikana kwa kulazimishwa, kwa ushawishi usio wa haki, kwa udanganyifu, kwa maelezo yasiyo ya kweli au kwa kukosea. Kenya iliiacha sheria hiyo katika mwaka 1961 na kushika kanuni za mahakama za Uingereza. Tanganyika, katika mwaka huo huo wa 1961, ilitunga sheria yake yenyewe, lakini ilichukua ndani yake sehemu kubwa ya maneno ya 1872. Kwa hiyo kifungu cha maana moja kingali sheria ya Tanzania Bara, nayo hujulikana leo kama Sura ya 345.

Misingi ya sheria hiyo yaweza kuelezwa kwa ufupi. Kwanza pawe na toleo, yaani mtu aeleze utayari wake wa kutenda au kutotenda jambo, akitaka mwenzake akubali. Pili, toleo hilo likubaliwe bila kugeuzwa, maana kukubali kwa sharti jipya ni toleo jingine. Tatu, kila upande utoe kitu au uahidi kitu kwa ajili ya ahadi ya mwenzake. Nne, wenye kupatana wawe na akili timamu na umri utakiwao. Tano, ridhaa iwe huru, na shabaha iwe halali.

Sasa tulitazame neno zabuni. Asili yake ni Kiarabu, ambamo lina maana ya mteja au mnunuzi, na kwa Waswahili wa zamani kuzabuni kulikuwa kutaja bei katika mnada. Mahali pa neno hilo palikuwa sokoni: dalali alinadi, wanunuzi wakazabuni, na bei ikapanda. Siku hizi mzabuni wa serikali kwa kawaida ni mtu anayetaka kuuza au kufanya kazi, na mashindano yake huishusha bei badala ya kuipandisha. Neno limehama kutoka kwa mnunuzi likaenda kwa muuzaji. Hilo si kosa, kwa kuwa jambo la asili limebaki: mwenye kuzabuni ndiye atoaye toleo.

Hapa usemi wa kila siku wapotosha kidogo. Twasikia kwamba serikali imetoa tenda, na kwamba fulani amepewa tenda, kana kwamba tenda ni zawadi iliyokaa sandukuni mwa mwenye ofisi. Kisheria mambo ni kinyume. Tangazo la serikali kwa kawaida ni mwaliko tu. Toleo hutoka kwa mzabuni, na serikali hulikubali au hulikataa. Kanuni hii iliwekwa wazi na mahakama ya Uingereza mwaka 1870, katika shauri la Spencer na Harding. Wauzaji walikuwa wametangaza bidhaa ziuzwe kwa zabuni, na aliyetaja bei ya juu alidai kwamba lazima auziwe. Mahakama iliamua kwamba tangazo halikuwa ahadi ya kumwuzia mwenye bei ya juu.

Je, mwenye kualika hana wajibu wo wote? Jibu lilipatikana Uingereza miaka 120 baadaye. Baraza la mji wa Blackpool lilikuwa limealika watu wachache kuzabuni haki ya kurusha ndege za matembezi, na saa sita mchana ya tarehe 17 Machi 1983 ikawa mwisho wa kupokea. Chama kimoja cha warusha ndege kilitia barua yake sandukuni saa tano, lakini sanduku halikufunguliwa kwa wakati, na baraza likaihesabu barua kuwa imechelewa. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1990 kwamba baraza halikulazimika kuikubali zabuni ile, lakini lilifungwa na mkataba wa kuitazama pamoja na nyingine. Mwaliko si toleo la kazi. Hata hivyo waweza kuwa na ahadi ndani yake, kwamba kila aliyetii masharti atasikilizwa.

Ahadi hiyo ndiyo roho ya kanuni za ununuzi wa umma. Wakati wa ukoloni, sehemu kubwa ya manunuzi ya serikali kutoka ng'ambo ilipitia kwa Mawakala wa Kifalme huko London, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1833. Mwananchi hakuwa na sauti katika ununuzi huo. Baada ya uhuru madaraka yalirudi nyumbani, lakini Tanzania ilipata sheria moja kamili ya ununuzi wa umma mwaka 2001 tu, nayo ikafuatwa na nyingine za 2004, 2011 na 2023. Masharti yake makuu yafahamika: tangazo liwe wazi, nyaraka ziwe zile zile kwa wote, mwisho wa kupokea uwe mmoja, zabuni zifunguliwe kwa uwazi, na uamuzi ufuate vigezo vilivyotajwa tangu mwanzo wala si vilivyobuniwa baadaye. Kila moja la masharti haya, likichunguzwa, ni njia ya kuhakikisha kwamba wote wamesikia jambo moja kwa maana moja. Gharama ya kuyapuuza ilionekana Februari 2008, Waziri Mkuu wa Tanzania alipojiuzulu baada ya kamati teule ya Bunge kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa mwaka 2006. Kamati iliona kwamba kampuni iliyopewa kazi haikuwa na uwezo wa kuifanya.

Lakini masharti haya yenyewe yaliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ambapo Sheria Na. 1 ya mwaka huo ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania na ya mahakama zake, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale inapolazimu. Basi wajibu mkubwa umewaangukia wanalugha. Tuchukue mfano mmoja, wa kile kitu kitolewacho na kila upande kwa ajili ya ahadi ya mwenzake. Tukikiita malipo, tumeifinya maana, kwa kuwa si lazima kiwe fedha. Tukikiita fidia, tumegongana na kifungu cha 73, kinachohusu kumlipa mtu hasara iliyompata kwa kuvunjwa kwa mkataba. Neno badala lafaa zaidi, kwa kuwa laonyesha kitu kikisimama mahali pa kitu, na kila mtu wa sokoni alijua. Uchaguzi huo si pambo la kamusi. Fundi atakayetia saini mkataba wa kujenga zahanati ya kijiji, na kijiji kitakachomdai zahanati hiyo, watafungwa na neno tutakalolichagua; na kipimo cha neno hilo ni kile ambacho hati ya Msovero haikukitimiza: kwamba atakayefungwa nalo aweze kulitamka mwenyewe, akajua alilolisema.