Kiangazi, Familia na Kurudi Shuleni: Historia ya Mwezi wa Septemba mjini Kindu

1.0 Utangulizi

Historia ya elimu ya Kongo kwa kawaida husimuliwa kupitia mikataba ya serikali na makanisa, sheria, na idadi ya shule zilizojengwa. Makala haya yanaiangalia historia hiyo kutoka upande wa familia, mjini Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema. Yanashughulikia sehemu moja tu ya mwaka, yaani miezi ya Julai na Agosti, ambayo ni likizo kubwa, na mwezi wa Septemba, ambao watoto hurudi shuleni.

Msomaji wa Tanzania au Kenya amezoea mwaka wa masomo unaoanza Januari. Katika Kongo, kwa urithi wa mfumo wa Kibelgiji, mwaka huanza mwanzoni mwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Julai, kwa kawaida tarehe 2. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kalenda hiyo iliafikiana na maisha ya familia za Kindu kwa upande mmja na kuyapinga kwa upande mwingine. Iliafikiana nayo kwa kuwa likizo ilikutana na kazi za kiangazi. Iliyapinga kwa kuwa shule ilifunguliwa, na ada kudaiwa, wakati familia imekwisha kutia nguvu na mbegu zake ardhini lakini bado haijavuna kitu. Namna pengo hilo lilivyozibwa katika vizazi mbalimbali ndiyo kiini cha makala haya.

2.0 Mji na Majira Yake

Kindu umejengwa kando ya mto Lualaba, kusini kidogo ya ikweta. Tarafa za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, na Alunguli iko ukingo wa kulia. Daraja hakuna, wanafunzi, wachuuzi na wagonjwa huvuka kwa mtumbwi au kivuko. Mji ulikua kutokana na reli. Kampuni ya reli iliyojulikana kwa kifupi kama CFL, iliyoundwa mwaka 1902, iliunganisha Kindu na Kongolo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kutoka Kindu meli ziliendelea kwa mto kuelekea kaskazini. Kwa muda mrefu wakati wa ukoloni mji uliitwa Kindu-Port-Empain, kwa jina la tajiri wa Kibelgiji aliyekuwa nyuma ya kampuni hiyo.

Mvua hupungua tangu Juni hadi Agosti. Hiki ndicho kiangazi, na hakikuwa kamwe kipindi cha kupumzika. Wanaume hufyeka msitu na kuangusha miti. Majani yakikauka, shamba huchomwa. Mvua za kwanza zinaporudi, mwishoni mwa Agosti na Septemba, wanawake hupanda mpunga na mahindi. Mpunga wenyewe ni zao lenye historia. Ulienea Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya waungwana waliofuatana na Tippu Tip na wenzake waliokaa Kasongo na Nyangwe, na ndio hao hao walioeneza Kiswahili ambacho wageni walikuja kukiita Kingwana. Mpunga uliopandwa Septemba huvunwa karibu na Desemba na Januari.

Mtoni nako kiangazi kina kazi zake. Maji ya Lualaba hupungua, na uvuvi hupata nafasi ambayo haupatikani mto unapofurika. Samaki hukaushwa kwa moshi na kuwekwa akiba au kuuzwa. Mtoto mwenye nguvu za kubeba kitu ana sehemu yake katika kazi zote hizi: kuchota maji, kutwanga sombe, kubeba kuni, kumlea mdogo wake mama anapokuwa shambani, kumshikia mjomba wavu. Likizo ndefu ikawa pia wakati unaofaa kwa tohara ya wavulana, kwa harusi, na kwa watoto wa mjini kupelekwa kijijini kwa bibi na babu. Huko ndiko wengi wao walikojifunza lugha za koo zao, mathalani Kirega, Kisongola au Kikusu, ambazo mjini zilikuwa zimefunikwa na Kiswahili.

3.0 Chuo, Misheni na Shamba la Lazima

Kabla ya shule ya misheni, Maniema ilikuwa na chuo cha Kurani. Chuo hakikuwa na Septemba. Mtoto alianza wazazi wake walipoona yafaa, akapanda kutoka juzuu hadi juzuu kwa kadiri ya akili na bidii yake, na pumziko lake lilikuwa Ijumaa na sikukuu zinazofuata mwezi mwandamo. Msimu wa kufyeka au wa kuamia ndege ulipofika, mwalimu, ambaye naye alikuwa na shamba, hakushangaa kuona mikeka mitupu.

Shule ya misheni ilileta utaratibu mwingine: darasa la umri mmoja, kengele, na mwaka wenye mwanzo na mwisho. Mapatano ya mwaka 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani yaliyapa mamisheni ya Kikatoliki ardhi na wajibu wa kuendesha shule, na katika miaka ya 1920 serikali ya Ubelgiji ilianza kuzipa shule hizo ruzuku. Katika jimbo lenye Waislamu wengi kuliko sehemu nyingine za Kongo, jambo hilo liliziweka familia nyingi njia panda. Mzazi aliyeogopa kwamba mtoto angerudi nyumbani amebatizwa alimbakiza chuoni. Shule za serikali zisizo za kidini kwa watoto wa Kiafrika zilifunguliwa tu baada ya Auguste Buisseret kuwa Waziri wa Makoloni mwaka 1954, yaani miaka sita kabla ya uhuru. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya kipindi cha ukoloni, swali la nani arudi shuleni Septemba lilijibiwa na dini kabla ya kujibiwa na fedha.

Juu ya kalenda hizo mbili, serikali iliongeza ya tatu. Tangu mwaka 1917 sheria ya kilimo cha lazima iliwataka wanakijiji walime mazao yaliyoamriwa. Kwa Maniema mazao hayo yalikuwa hasa pamba na mpunga, na mpunga ulilisha wafanyakazi wa reli na wa migodi. Mikono ya watoto ilihitajika, hasa ndege waliposhambulia mashuke, na wakati huo shule imekwisha funguliwa. Utoro ambao walimu walilalamikia haukuwa uvivu. Mara nyingi ulikuwa ni utii kwa amri nyingine ya serikali ile ile.

4.0 Miaka ya Mshahara

Baina ya Vita Vikuu vya Pili na miaka ya 1970, familia nyingi za mjini zilipata njia ya kuliziba pengo la Septemba. Njia hiyo ilikuwa mshahara. Baba alikuwa fundi au karani wa reli, bandarini, au katika migodi ya bati ya Kalima, mashariki ya Kindu. Mshahara haukungoja mpunga uive. Familia yenye mshahara mmoja iliweza kuwapokea watoto wa ndugu kutoka kijijini ili wasome mjini, nao wazazi wa kijijini walirudisha fadhila kwa magunia ya mpunga na mafuta ya mawese watoto walipokuja kuwachukua wakati wa likizo. Hivyo likizo kubwa ilikuwa daraja la mabadilishano baina ya shamba na ofisi, na watoto ndio waliokuwa wapitaji wake.

Katika miaka hii ndipo shughuli za Julai zilipopata sura ambayo wenyeji wanaitambua hadi leo. Mwaka hufungwa kwa kutangazwa matokeo mbele ya wazazi, jina baada ya jina, na mtoto hurudi nyumbani na karatasi ya alama ambayo itaamua kama kiangazi chake kitakuwa cha heshima au cha kukemewa. Tangu mwaka 1967, ulipoanzishwa Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, familia zenye wahitimu hungoja matokeo yake wakati wa likizo, na aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani na kutembezwa mtaani kwa nderemo.

5.0 Septemba Zilizovurugika

Historia ya siasa iliingia katika mpango huu mara kwa mara, na mara nyingine iliingia wakati wa likizo yenyewe. Mnamo Julai 1964 waasi wa Simba waliuteka mji wa Kindu. Makarani, walimu na watumishi wengi wa serikali waliuawa. Kosa la wengi wao lilikuwa kwamba walisoma. Mji ulikombolewa tarehe 5 Novemba mwaka huo. Kwa familia zilizokuwa zimejinyima ili mtoto apate kalamu, kiangazi cha 1964 kilifundisha kwamba kalamu nayo yaweza kumtia mtu hatarini. Hata hivyo, baada ya vita watoto walirudishwa darasani.

Pigo lililofuata lilikuja polepole. Bei ya bati ilianguka duniani mwaka 1985, na migodi ya Maniema ikadhoofika. Reli ilichakaa. Mshahara wa serikali uliliwa na mfumuko wa bei hadi ukawa jina tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 migomo ya walimu ilifunga shule katika nchi nzima, na katika mwaka wa masomo wa 1992-1993 ulienea utaratibu wa wazazi kuwalipa walimu wenyewe, kwa malipo yaliyoitwa ya motisha. Utaratibu huo ulikusudiwa kuwa wa muda. Ulidumu zaidi ya robo karne.

Maana yake kwa familia ya Kindu ilikuwa hii: pengo la Septemba lilirudi, safari hii bila mshahara wa kuliziba. Kiangazi kikageuka kuwa msimu wa kutafuta ada. Mama aliuza samaki wa kukausha, mihogo, sombe na mawese. Kijana alibeba mizigo bandarini. Fedha zisipotosha watoto wote, ilibidi kuchagua, na mara nyingi aliyebaki nyumbani alikuwa msichana, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekwisha zoewa jikoni na shambani.

Vita vya 1998 vilizidisha dhiki. Kindu uliangukia mikononi mwa waasi wa RCD mnamo Oktoba mwaka huo, na kwa miaka kadhaa wapiganaji wa Mai-Mai walitawala sehemu kubwa ya vijiji vilivyouzunguka. Njia ya reli ilikatika, na chumvi na sabuni zikaja kwa ndege au kwa baiskeli. Kwenda shambani kulikuwa kuhatarisha maisha. Kiangazi kilipokosa shamba, Septemba nayo ilikosa ada. Treni kutoka Lubumbashi ilianza kufika tena mwaka 2004.

6.0 Ada Kuondolewa

Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na bila malipo. Tamko hilo lilianza kutekelezwa nchini kote Septemba 2019. Madarasa yalijaa kupita kiasi, na malipo ya walimu yakaleta migogoro mipya. Kisha ugonjwa wa korona ulifunga shule Machi 2020, na miaka miwili ya masomo iliyofuata ilianza Oktoba. Septemba ilirudi mahali pake mwaka 2022. Kuondolewa kwa ada hakukuondoa gharama zote. Shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, madaftari na viatu bado ni juu ya familia, na ada za sekondari zingali zikidaiwa. Lakini kwa mara ya kwanza mtoto wa darasa la kwanza hakutakiwa kungoja mavuno ambayo hayajaiva.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kurudi shuleni mjini Kindu si tukio la siku moja. Ni matokeo ya kiangazi kizima cha kazi. Kalenda ya shule ilitungwa bila kuzingatia mpunga wa Maniema, na kwa zaidi ya karne familia zimejitahidi kuipatanisha na shamba, mto, chuo na soko. Wakati wa mshahara upatanisho huo ulionekana rahisi kiasi cha kusahaulika. Uliposhindikana, ilidhihirika kwamba mzigo wake ulikuwa mabegani mwa akina mama, na kwamba binti ndiye aliyelipia upungufu. Mtafiti anayehesabu watoto walioandikishwa Septemba anahesabu, pasipo kujua, samaki waliokaushwa Julai na mashamba yaliyofyekwa Agosti. Kwa hiyo historia ya elimu katika mji huu itaeleweka vizuri zaidi ikianza kusimuliwa kutoka uani, kabla ya kengele kulia.