Kifimbo cha ibada (Wika)

Kifimbo cha ibada ni kijiti kinachotumiwa na wafuasi wa Wika na wa madhehebu mengine ya upagani mamboleo kuelekezea nia na dua wakati wa ibada. Kwa kawaida hutengenezwa kwa mti, na urefu wake hupimwa kwa mkono wa mwenyewe, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Huwekwa madhabahuni pamoja na kisu cha ibada kiitwacho athame, kikombe na sahani yenye nyota ya pembe tano. Visu na vikombe hununuliwa mara nyingi. Kifimbo, kwa upande wake, ndicho chombo ambacho mfuasi huhimizwa zaidi kukitengeneza kwa mikono yake.

Wika ni dini iliyotangazwa hadharani Uingereza katikati ya karne ya 20. Waumini wake wengi huabudu mungu wa kike na mungu wa kiume, na huadhimisha sikukuu 8 zinazofuata majira ya mwaka. Baadhi yao hujiita wachawi, lakini maadili yao makuu yanakataza kumdhuru mtu yeyote. Kwa hiyo ni kosa kuwaweka kundi moja na warogaji wanaoogopwa vijijini.

Historia

Fimbo yenye nguvu ni wazo la kale. Nchini Misri, yapata miaka 2000 hadi 1650 KK, vifimbo vilivyopinda vilichongwa kutokana na meno ya kiboko na kuchorwa wanyama na viumbe walinzi, ili kuwakinga akina mama na watoto. Katika Odiseya ya Homer, mchawi Circe anawageuza mabaharia kuwa nguruwe kwa kuwapiga na fimbo yake.

Masharti ya kutengeneza kifimbo yaliingia Wika kupitia vitabu vya uganga vya Ulaya. Kimojawapo ni Ufunguo wa Sulemani, kilichosambaa kwa nakala za mkono kabla ya tafsiri ya Kiingereza ya S. L. MacGregor Mathers kuchapishwa mwaka 1889. Kinaagiza kifimbo kitokane na mti wa hazeli au wa jamii ya kokwa, kikatwe kwa pigo moja, siku ya Jumatano, jua linapochomoza. Mfaransa Éliphas Lévi, katika kitabu chake kikuu cha miaka ya 1850, alitaka tawi la mlozi au la hazeli litobolewe kutoka mwanzo hadi mwisho na kutiwa sindano ya chuma chenye sumaku. Chama cha uganga cha Golden Dawn, ambacho Mathers alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake jijini London mwaka 1888, kilikifanya kifimbo kuwa ishara ya moto.

Gerald Gardner (1884–1964), aliyeitangaza Wika na aliyekuwa mstaafu wa idara ya forodha ya kikoloni katika rasi iliyo sehemu ya Malaysia ya leo, alichukua mengi kutoka katika urithi huo. Sheria ya Uingereza dhidi ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa mwaka 1951, naye akatoa kitabu chake Witchcraft Today mwaka 1954. Katika mapokeo yake kifimbo ni moja ya zana 8 za kazi. Mwaka 1988 Mmarekani Scott Cunningham alichapisha mwongozo kwa wanaoabudu peke yao, akalegeza masharti: mti wowote ulionyooka unafaa, hata ufito wa duka la vifaa vya ujenzi.

Uchaguzi wa mti

Kila mti una maana yake katika mapokeo ya Ulaya. Hazeli huhusishwa na hekima, mwaloni na nguvu, wilo na mwezi na maji, mtofaa na mapenzi. Elda huheshimiwa kuliko yote, kwa kuwa simulizi za Uingereza na Denmark husema roho ya kike hukaa ndani yake, na mkataji sharti aombe ruhusa. Mti wa yuu, unaopandwa sana kwenye makaburi ya Uingereza, huhusishwa na kifo na uzima mpya. Karibu kila sehemu yake ina sumu, hivyo anayeuchonga hana budi kuziba pua na mdomo kwa barakoa na kunawa mikono baada ya kazi.

Orodha hizo zilitungwa na watu walioishi kati ya miti hiyo. Mfuasi anayeishi mbali na Ulaya hana sababu ya kuagiza tawi kwa meli. Mti anaoufahamu, unaochanua na kupukutisha majani mbele ya macho yake, unaafiki zaidi dini inayofuata majira.

Ukataji na ukaushaji

Wengi huanza kwa kutafuta tawi lililoanguka lenyewe. Tawi hilo hukaguliwa kwa kubonyezwa na ukucha, na likibonyea limekwisha kuoza. Anayekata tawi bichi hungoja majira ya baridi, mti ukiwa umepumzika. Humweleza mwenye shamba, husimama mbele ya mti na kusema haja yake, kisha huacha sadaka ya maji au maziwa chini ya shina. Utepe uliofungwa tawini au sarafu iliyopigiliwa gomeni si shukrani, maana huujeruhi mti. Katika hifadhi nyingi kukata au kuokota tawi ni kosa kisheria.

Sharti la pigo moja bado linatajwa, ila msumeno mdogo wenye makali huacha kidonda safi zaidi. Tawi hukatwa nje kidogo ya uvimbe ulio pale linapoungana na shina, kwa sababu hapo ndipo mti huanzia kuziba jeraha lake. Kisiki kirefu kikiachwa, huoza na kuingiza maradhi ndani.

Mti mbichi ukichongwa na kuachwa ukauke haraka, hupasuka. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, kwa hiyo ncha zote mbili huzibwa kwa nta au rangi, na gome huachwa kwa muda. Tawi huwekwa kivulini penye hewa, mbali na jiko na jua. Lenye unene wa kidole gumba huhitaji miezi kadhaa. Dalili ya uhakika ni uzito: tawi likipimwa kwa mizani ya jikoni wiki hata wiki na uzito usibadilike, limekauka.

Uchongaji

Tawi hubanwa kwenye jiliwa au kushikwa kwa glavu, na kisu husukumwa kuelekea mbali na mwili, kwa kufuata nyuzi za mti. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa kuwa hulazimisha nguvu kisha huteleza. Kitako huachwa kinene kiasi cha kujaa kiganjani na ncha hupunguzwa. Vifundo na mapindo huachwa mara nyingi, kwani huonyesha jinsi mti ulivyokua. Kisha hupigwa msasa, kuanzia wenye chenga kubwa hadi laini. Wengine huacha gome lote na kulainisha ncha tu.

Kifimbo humaliziwa kwa nta ya nyuki au mafuta ya kitani. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka vikirundikwa. Hutandazwa nje vikauke, au hutiwa majini kabla ya kutupwa.

Mapambo

Alama huchongwa kwa ncha ya kisu au huchomwa kwa chuma cha moto. Zinazopendwa ni jina la kiroho la mwenyewe, herufi za runi za Ulaya ya Kaskazini, na alfabeti ya Thebes iliyochapishwa mwaka 1518 katika kitabu cha Johannes Trithemius. Wengine hutoboa ncha kwa keekee na kupachika jiwe la kwatzi, au huzungusha waya wa shaba. Hakuna pambo lililo la lazima, na bei ya jiwe haiongezi chochote katika ibada.

Kuwekwa wakfu na matumizi

Kifimbo kipya huwekwa wakfu, aghalabu usiku wa mwezi mpevu. Hupitishwa katika moshi wa uvumba, juu ya mwali wa mshumaa, hunyunyiziwa maji na kuguswa na chumvi, ili kikutane na hewa, moto, maji na ardhi. Uvumba unaotumika sana ni ubani uleule unaofukizwa nyumbani Zanzibar na Lamu, utomvu wa miti ya Somalia na ya Dhofar nchini Oman.

Katika ibada, kifimbo huchora duara takatifu na kuelekezwa pande nne kuwaalika walinzi wa pande hizo. Mafundisho mengi husema athame huamuru na kifimbo hualika. Wengi hukihusisha na hewa, ilhali waliofuata Golden Dawn hukihusisha na moto, na kila kundi hushika mapokeo yake. Kwa kuwa hakina makali, hufaa kwa ibada za hadhara katika nchi zinazozuia kubeba visu.

Utunzaji

Kifimbo hufungwa kwa kitambaa, hupakwa nta kinapochakaa, na si adabu kukigusa bila ruhusa ya mwenyewe. Kikivunjika au mwenyewe akifa, mawe na waya hutolewa, kisha mti huzikwa au kuchomwa.

Wika leo

Sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales iliwahesabu wapagani takriban 74,000, na wengine 13,000 waliojitambulisha kuwa wa Wika. Nchini Marekani, mahakama ya rufani iliamua mwaka 1986 kwamba Wika ni dini inayostahili ulinzi wa katiba. Masharti ya siku, saa na aina ya mti yamelegea tangu Ufunguo wa Sulemani. Yaliyobaki ni mawili: kazi ifanywe na mwenyewe bila pupa, na mti uliotoa tawi uachwe ukiwa hai.