Sanduku la Hati la Anenecuilco

Mapinduzi ya Meksiko husimuliwa kwa majina ya majenerali, ilhali katika jimbo la Morelos chimbuko lake ni sanduku la karatasi. Kijiji cha Anenecuilco kilikuwapo kabla Wahispania hawajafika, na chini ya utawala wao kilijipatia hati za kulinda mashamba na maji yake. Sheria ya Lerdo ya 1856 na katiba ya mwaka uliofuata ziliziondolea jumuiya haki ya kumiliki ardhi kwa pamoja. Reli ilipofika Cuautla mwaka 1881, biashara ya sukari ilinoga, na matajiri wa miwa wakazidi kumega ardhi ya jirani zao. Septemba 1909 wazee wa kijiji, nguvu zikiwa zimewaishia, waling'atuka, akachaguliwa Emiliano Zapata, mwenye umri wa miaka 30. Walimkabidhi hati. Yeye na karani wake, Francisco Franco, walizisoma kwa siku kadhaa, na zile za Kinahuatl zikapelekwa Tetelcingo zikafasiriwe. Mwenye uchu wa vita hajisumbui hivyo.

Atakayepinga atasema karatasi hazikurudisha hata shamba moja: mwaka 1910 kijiji kililima kwa sababu Zapata alikwenda na watu wapatao 80 wenye silaha kwenye ardhi iliyoshikwa na shamba la miwa la Hospital. Ni kweli, lakini bunduki haijui mpaka uko wapi. Mpaka ulikuwa ndani ya hati. Ndiyo maana Mpango wa Ayala, ilani ya Zapata ya Novemba 1911, uliamuru vijiji vyenye hati viingie kwenye ardhi yao papo hapo, na tajiri anayejiona amedhulumiwa ndiye aende mahakamani baada ya ushindi. Kwa miongo mingi mnyonge ndiye aliyetakiwa kuthibitisha. Sasa mzigo ulimwangukia mwenye nguvu. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko mapigano yote ya Morelos.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Ibara ya 27 ya Katiba ya 1917, inayohusu ardhi, iliandikwa na kambi ya Carranza, hasimu wa Zapata, ambayo wanajeshi wake walimuua Zapata huko Chinameca tarehe 10 Aprili 1919. Hata hivyo, Carranza alitoa sheria ya kurejesha ardhi Januari 1915, miaka mitatu baada ya Mpango wa Ayala, akiwa amebanwa na vita. Madai aliyakubali, akayageuza: vijiji vingi vilipewa ardhi kama ruzuku ya serikali, si kama mali yao iliyorudi. Kwa hiyo Franco aliendelea kuzilinda hati zile hata baada ya ardhi kugawiwa, mpaka alipouawa na askari mwaka 1947.